Usimnunulie Pikipiki Bado

Mama, kabla hujafungua stoo, kaa kwanza hapa tuhesabu.

Kijana wako amerudi. Ametoka nyumba ya upataji nafuu huko Kigamboni, uso umejaa, alfajiri anafagia uwanja, wazee anawaamkia. Ana miezi minne hajagusa unga. Majirani wa Mfaranyaki wanakwambia umtafutie shughuli haraka, maana akikaa bure atarudia. Na shughuli inayomjia kila mtu kichwani hapa Songea ni moja tu: bodaboda.

Tuseme mahindi yako yatauzwa shilingi 700 kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni shilingi 70,000. Pikipiki ya shilingi 2,800,000 ni magunia 40. Hilo ni jasho la msimu mzima, ukiweka na mbolea ambayo deni lake bado hujalimaliza.

Usimnunulie. Bado.

Sisemi hivyo kwa kuwa mwanao hafai. Nasema kwa sababu ya pikipiki yenyewe. Inampa fedha taslimu mkononi kila nusu saa. Haina msimamizi. Inampitisha kwenye kila kijiwe kuanzia Lizaboni hadi Msamala, na abiria wengine watamwomba awapeleke palepale anapopakimbia. Siku akizidiwa, inauzika kabla jua halijazama. Mtu angetaka kubuni kazi ya kumrudisha mraibu kwenye unga, asingepata iliyotimia kuliko hiyo.

Majirani wamesema kweli kwamba kazi ni dawa. Walichosahau ni kwamba dawa ina dozi, ina saa zake, na mwanzoni inataka mtu wa kuisimamia. Ikiwa ndogo mno haiponyi, na ikimwagwa yote siku moja inaua. Makala haya yanahusu dozi hiyo. Nawaandikia nyote mnaohusika: mzazi, mwenye karakana, mwajiriwa anayeficha tatizo lake, na wewe mdogo wangu uliyeamua kuacha.

Saa mbili zinazogombana

Tumchukue kijana anayepakia magunia kwenye malori wakati wa msimu wa mahindi. Amevuta kete yake saa kumi na mbili asubuhi ili aweze kusimama. Hadi saa nne anabeba kama wenzake. Ikifika saa sita na kitu pua inachuruzika, miayo haikatiki, macho yanatoa machozi, mgongo unauma na tumbo linasokota. Arosto imebisha hodi. Gunia la kilo mia halibebeki tena. Ataomba malipo ya nusu siku, ataondoka, na msimamizi atasema, "Mvivu huyo, kesho asije."

Uvivu haupo hapo. Zipo saa mbili zinazogombana ndani ya mwili mmoja. Saa ya kazi inamtaka asubuhi hadi jioni bila kukatika, na saa ya heroini inamwita mara tatu au nne kwa siku. Hakuna mwajiri anayeweza kuishinda saa ya pili kwa kufoka, na hakuna mama anayeweza kuishinda kwa kulia. Inashindwa kwa tiba kwanza, ndipo kazi inapata nafasi ya kukaa.

Tusijidanganye kwamba unga ni habari ya pwani. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamphetamine huko Dar es Salaam na Iringa. Iringa iko kwenye barabara yetu. Hata hivyo, nyumba nyingi za Songea hazijafika kwenye unga. Zinahangaika na bangi, gongo na komoni, na hivyo pia vina saa zake. Mvutaji wa bangi anayeacha hulala vibaya na hukasirika upesi wiki ya kwanza na ya pili, na bosi akimsemesha vibaya siku hizo anatupa nyundo na kuondoka. Mlevi wa gongo wa kila siku yuko hatarini zaidi kimwili. Akikatiza ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili. Huyo asifungiwe chumbani ili aache, apelekwe hospitali.

Hospitali kwanza

Mlango wa kugonga ni kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale mjini. Aliye upande wa Peramiho ana hospitali ya misheni karibu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba 119, kupiga ni bure, na watakueleza huduma iliyo karibu nawe. Anayeomba tiba anapokelewa kama mgonjwa.

Kwa aliyezama kwenye heroini, tiba ya methadone imeleta badiliko kubwa nchini tangu ilipoanza Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa anakunywa dozi moja kwa siku mbele ya mhudumu, bila malipo, na dozi hiyo inamshikilia kwa takribani saa ishirini na nne. Utaona mara moja maana yake kwa kazi: zile saa mbili zimekuwa moja. Anaweza kumaliza siku nzima akipiga randa bila mwili kumdai kitu.

Ila kuna jambo la kulipangia mapema. Kwa watu wa nyanda za juu kusini, kliniki inayojulikana ni ya Mbeya, na kutoka Songea hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 400. Dozi ni ya kila siku. Kwa hiyo anayekwenda huko hasafiri, anahama. Msimpeleke na nauli tu. Tafuteni ndugu wa kufikia, na tafuteni shughuli inayoanza baada ya muda wa kliniki. Mwajiri wake wa huko aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba asubuhi ana miadi ya hospitali. Kijana anayelazimika kuchagua kila siku kati ya dozi na kibarua, mwisho atavikosa vyote viwili.

Nyumba za upataji nafuu zinafanya kazi kwa njia nyingine: hakuna dawa, kuna ratiba, mikutano na wenzako waliokwisha kupita hapo. Zanzibar zilienea kabla ya bara, na wengi wanaoziendesha ni watu waliowahi kutumia. Kuna somo la ajira ndani yake. Mtu aliyekaa msafi kwa muda hupewa kazi papo hapo nyumbani: kupika, kushika zamu ya usiku, kupokea wageni wapya. Anaanzia kazi ndogo, mbele ya watu wanaozijua hila zote. Hilo tunaweza kuliiga Songea bila kujenga nyumba yoyote.

Dozi ya miezi mitatu ya kwanza

Mwezi wa kwanza baada ya kurudi, saa nne kwa siku zinatosha. Mwezi wa pili saa sita. Mwezi wa tatu siku nzima. Mwili wake bado haujui kulala, na huzuni huja bila sababu hata wiki nyingi baada ya arosto kwisha. Akichoka kupita kiasi, kichwa kitakumbuka kitu kimoja kilichokuwa kinaondoa uchovu.

Kazi nzuri ya kipindi hiki ina sifa tano: inafanywa mchana, mbele ya mtu anayemheshimu, haipitishi fedha mkononi mwake, matokeo yake yanaonekana jioni, na njia ya kwenda na kurudi haipiti maskani ya zamani. Zipime kazi za hapa kwa sifa hizo. Useremala unafaa. Kufyatua tofali na wajomba zake kiangazi kunafaa. Bustani ya mchicha na chainizi mtoni, banda la kuku, kushona, kupaka rangi, kumsaidia fundi uashi, vyote vinafaa. Kwenye karakana nzuri ya useremala kijana anapiga msasa mguu wa kiti kuanzia asubuhi, na jioni anauona ule ulaini kwa kidole chake. Hicho kidole ni sehemu ya tiba.

Sasa zisizofaa, hata kama ndizo zinazopatikana upesi. Baa na gesti, hapana. Ulinzi wa usiku, hapana. Usiku ni mrefu, yuko peke yake, na usingizi wake bado mbovu. Uwakala wa kutuma na kutoa pesa, hapana. Kubeba mizigo stendi, hapana. Wauza kete wanaifahamu stendi kuliko matingo. Machimbo ya vito ya Tunduru, hapana kabisa. Huko mtu hukaa wiki tatu bila senti, kisha hupata fungu kwa mkupuo, na waliokuwa wakimsubiri wanajua siku.

Kwa binti, ongezeni tahadhari nyingine. Kazi za haraka kwa msichana mwenye jina baya mjini ni zile zile za baa na nyumba za wageni, na mwajiri anayejua siri yake anaweza kumtaka kingono ili "asimseme". Binti apelekwe kwa mwanamke anayemiliki shughuli yake: mshonaji, mama lishe, mwenye saluni. Na shangazi mmoja awe anapita pale mara kwa mara, aonekane. Mwenye nia mbaya humwogopa mtu anayepita bila taarifa.

Fedha ndiyo kona kali

Wengi hawatelezi siku ya njaa. Wanateleza siku ya malipo. Noti mkononi, hasa ya kwanza baada ya miezi mingi, inaamsha mwili kabla akili haijasema kitu. Kwa hiyo namna ya kumlipa ina uzito sawa na kiasi unachomlipa.

Kaeni watatu, yeye, mwajiri na mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, muandike kwenye daftari na kila mmoja aweke sahihi. Bila ridhaa yake msifanye hivi. Mshahara ni wake kwa haki, na kumshikia fedha kwa nguvu ni kumfundisha kuiba. Tuseme analipwa shilingi 8,000 kwa siku, siku sita, jumla 48,000. Mama lishe wa jirani anampa chakula cha mchana cha shilingi 1,500 kila siku na mwajiri analipa moja kwa moja. Hizo ni 9,000. Nyumbani anachangia 10,000, na asisamehewe, kwa sababu mtu anayechangia unga wa ugali anakaa mezani kwa heshima. Mkononi anachukua 5,000 kwa sabuni, vocha na soda. Zinabaki 24,000, hizo ziende benki au kwenye hisa za kikundi cha kuweka na kukopa cha mama yake.

Nimesema benki, sikusema simu. Fedha iliyo kwenye simu ni sawa na iliyo mfukoni. Saa tano usiku namba ya siri inabonyezwa na imekwisha. Benki inakulazimisha usubiri asubuhi, upange foleni na kumtazama mtu usoni. Mara nyingi tamaa hupita kabla foleni haijafika. Kwa sababu hiyo hiyo, miezi ya mwanzo atumie kitochi. Simu kubwa ni rehani inayotembea.

Siku ya malipo iwe Jumanne au Jumatano. Malipo ya Jumamosi jioni yanaingia moja kwa moja kwenye usiku wa Jumamosi.

Kalenda ya Ruvuma

Mkoa wetu unalisha nchi, na kalenda yake ya shamba ndiyo kalenda ya mitego. Mahindi yanavunwa kuanzia kama Juni hadi Agosti, na wakati huo huo kahawa inachumwa Mbinga na masoko ya tumbaku yanaendelea. Malori yanajaa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ananunua, vibarua wanatafutwa hadi vichochoroni. Kila mtu ana fedha, na kila anayeuza kilevi analijua hilo. Korosho ya Tunduru inaleta wimbi jingine mwishoni mwa mwaka. Kisha Januari hadi Machi mji unatulia: mvua, magugu, vibarua vichache, stoo tupu.

Mraibu anayepona ana hatari katika vipindi vyote viwili, kila kimoja kwa namna yake. Msimu wa fedha unamtega kwa wingi, msimu wa mvua kwa kukaa bure. Pangeni hivi. Akitoka tiba Mei au Juni, msimrushe kwenye upakiaji wa magunia eti kwa kuwa unalipa. Mwekeni kwa fundi, ajifunze, msimu upite. Akitoka Desemba, mpeni robo ekari ya palizi inayojulikana ni yake, na siku mbili tatu za karakana kila wiki. Na kila mwaka, familia ikishauza mahindi, wiki hiyo ndiyo ya kuongeza ziara, mazungumzo na chakula cha pamoja. Ndiyo wiki ambayo kila mtu huwa na shughuli zake.

Wewe mwenye karakana

Nakuomba umpokee mmoja. Sikuombi uwe malaika. Nakuomba uwe na taratibu.

Tangu siku ya kwanza mwambie unajua, na kwamba wateja hawatajua kutoka kwako. Usimwite teja, hata kwa utani. Jina hilo ni la watu aliowaacha. Mpe fundi mmoja wa kumfuata, si watano wa kumtuma. Wiki za mwanzo asiguse msumeno wa umeme wala mashine ya randa. Usimpe funguo, na usimtume dukani na fedha. Hilo halimdhalilishi ukimweleza kwamba unamwondolea mzigo, na kwamba utampa baada ya miezi kadhaa, na kweli ukampa.

Wizi ndio unaokutia hofu kuliko yote, basi fanya hivi. Chukua ubao mpana, uutundike ukutani, upigilie misumari, utundike kila kifaa, kisha ukizungushie kwa rangi umbo lake: nyundo, bisibisi, patasi, futi. Jioni kila kifaa kinarudi kwenye kivuli chake. Kivuli kikiwa kitupu kila mtu anakiona, na hakuna anayeondoka hadi kipatikane. Hesabu ni ya wote, ya fundi mkuu na ya mwanafunzi. Kijana anayepona akiona hakuna anayepekuliwa peke yake, anaanza kusimama wima. Na patasi zako zitakaa, hata zile zilizokuwa zikiondoka na mafundi unaowaamini.

Akija amelewa, asifanye kazi siku hiyo. Usifoke. Mrudishe nyumbani na mtu, piga simu kwa yule wa kwenye daftari, kesho aje mzungumze. Ikijirudia mara ya pili, arudi kwanza hospitali kabla ya kuja kazini. Ya tatu, simamisha kazi kwa muda mtakaokubaliana, na mlango uuache wazi kwa kumtajia siku ya kurudi. Andika haya mapema, maana sheria inayotungwa wakati wa hasira haifuatwi na yeyote.

Jambo la mwisho kwako: usimlipe nusu ya wenzake kwa kuwa hana pa kwenda. Huko si kumsaidia.

Kenneth Silverman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, walilijaribu jambo hili la kazi kuwa dawa kwa miaka mingi. Waliwapa waraibu mafunzo na kazi yenye malipo, kwa sharti kwamba vipimo vya mkojo vioneshe hawajatumia. Sharti lilipokuwapo, wengi walijizuia. Lilipoondolewa, wengi walirudi. Hatuna maabara ya vipimo kwenye karakana za Bombambili, ila somo ni letu pia: kazi yenye masharti ya wazi inamshikilia mtu, na masharti hayo yasiondolewe kwa sababu tu miezi mitatu imepita salama.

Wewe uliye kazini na unaficha

Unafundisha, unaendesha gari la kampuni, unakaa dukani kwa mtu. Bado hujafukuzwa, na unaona siku inakuja. Hicho cheo ulichonacho ni mtaji mkubwa wa kupona kwako kuliko mkopo wowote, kwa hiyo chukua hatua kabla hakijaondoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Nenda kwa daktari, sema ukweli, pata cheti, omba likizo, utibiwe. Aliyekwenda hospitali kabla ya kosa ana maneno ya kusema. Aliyekamatwa amelewa kwenye usukani ana kesi, na dereva anayejijua hali yake aombe kazi ya chini kwa muda kabla hajaua mtu.

Ukiachishwa kazi na unaona hukutendewa haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Usizimalize siku hizo kijiweni ukilalamika.

Baada ya miezi sita

Akifika hapa amesimama, sasa tunazungumza mambo ya kudumu.

La kwanza ni cheti. Wengi wamejifunza ufundi mtaani, na hawana karatasi. VETA wana utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo, na chuo chao kipo hapa Songea. Kijana mwenye pengo la miaka mitano kwenye maisha yake anahitaji karatasi inayosema anaweza nini, maana mdomo wake watu wameuzoea kwa ahadi. SIDO nao wako mkoani kwa anayetaka kusindika nafaka au kutengeneza bidhaa ndogo. Kuna waajiri watakaodai cheti cha tabia njema cha polisi. Mwenye rekodi ya mahakama aseme mapema kuliko kugundulika, na fundi aliyemlea amwandikie barua.

La pili ni mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ushauri wangu ni wa kusubiri: asikope kabla ya kutimiza mwaka akiwa msafi. Na kikundi kisiwe cha waraibu watupu, maana mmoja akiteleza anaweza kuwavuta wenzake. Changanyeni waliopona na vijana wasiowahi kutumia, na mweka hazina atoke upande wa pili. Fedha ikitoka, inunue vifaa siku hiyo hiyo: vyerehani, mabati ya banda.

Mkoa huu unajua kazi ya pamoja. Litowa, hapa hapa Songea, ndiko kilikoanzia Chama cha Maendeleo cha Ruvuma miaka ya 1960, wakulima wachache waliochaguana wenyewe, wakajiwekea kanuni, wakagawana kazi na mazao, mpaka serikali ilipokivunja mwaka 1969. Nguvu yao ilikuwa kule kuchaguana. Kikundi kilichokusanywa jana mbele ya ofisi ya kata kwa ajili ya fomu, hakitafika masika.

Akiteleza

Panga kwamba huenda akateleza. Anayeteleza siku moja hajarudi mwanzo, ila ana saa chache za hatari kubwa. Mwili uliokaa miezi bila heroini umepoteza uzoefu wake. Akirudia kiasi kile kile cha zamani, anaweza kuacha kupumua. Wapo wengi wanaokufa hivyo, punde baada ya kutoka gerezani au kwenye matibabu. Ukimkuta hajibu, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, msimwagie maji wala kumnywesha maziwa, mkimbizeni hospitali.

Akishazinduka, nafasi yake ya kazi isiwe imefungwa. Nyumba nyingi huvunja kila kitu siku hiyo: anatolewa karakanani, ananyang'anywa chumba, anaitwa jina la zamani. Wanachokikata ni kamba pekee iliyokuwa imemshika. Punguzeni dozi badala yake. Rudini kwenye saa nne, kwenye 5,000 ya mkononi, kwenye fundi mmoja, kwenye daftari.

Na wewe mdogo wangu, ukiteleza, mwambie fundi wako kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Ni sentensi fupi. Itakugharimu aibu ya siku moja, na itakuokolea kazi.

Turudi kwenye mahesabu, mama. Katika magunia 40, uza matatu. Zitapatikana shilingi 210,000. Mnunulie buti, ovaroli na futi ya kupimia. Lipa nauli zake za kwenda kwa fundi, na kiasi mlichokubaliana na fundi cha kumfundisha. Ikibaki, nunua daftari na kalamu. Magunia 37 yaache stoo, ni chakula cha nyumba yako wewe na wajukuu.

Mwakani, mwezi kama huu, mwite akae hapo ulipokaa wewe, umuulize anataka kufanya nini. Huenda akataja pikipiki, huenda akataja mashine ya randa. Madukani hazitaisha.